Ukiulizwa Maana, Usitujibu Asili

Kumezuka miongoni mwetu, washairi na wapenzi wa lugha, aina ya hakimu ambaye silaha yake ni moja tu: asili ya neno. Hasomi shairi zima. Hupitisha kidole juu ya mishororo mpaka akutane na neno analolijua chimbuko lake, hapo husimama, hukohoa kidogo, kisha hutoa hukumu: "Neno hili kwa asili lina maana nyingine, mtunzi amepotoka." Na kikao kizima huitikia kwa vichwa, kwa kuwa hakuna kinachotunyamazisha upesi kama Kiarabu cha mtu mwingine.

Mwaka jana nilihudhuria shindano la ushairi ambapo binti mmoja wa bara alipunguziwa alama kwa ajili ya neno "tafadhali". Katika shairi lake, mama mwenye mtoto mgonjwa anamwomba muuguzi, tafadhali, amtazame mwanawe. Hakimu alieleza kwamba Mwarabu hulitamka neno hilo anapomkaribisha mgeni au anapompa mtu kitu, wala si anapoomba. Kwa hiyo mama yule, kwa mantiki ya hakimu, alikuwa hajaomba lolote. Kuhusu Kiarabu hakimu alisema kweli. Kuhusu shairi alisema upuuzi, na binti yule akaondoka na karatasi yake ameikunja mara nne.

Ndugu zake hakimu huyo ni wengi. Wapo wanaotaka tuache kuamkia "shikamoo" kwa hoja kwamba chimbuko lake ni "nashika miguu yako", na kwamba hayo yalikuwa maneno ya mtumwa mbele ya bwana wake. Wapo wasafishaji, wanaotaka kila neno lenye harufu ya Uarabuni litolewe, kana kwamba lugha ni mchele wa kupepeta. Hoja zao zinapingana, lakini wakibanwa wote humwita shahidi mmoja: Mwingereza. Husema wenzetu Waingereza wanajua maneno yao yalikotoka, wameyalinda, na kamusi zao zimeliweka kila neno mahali pake pa haki. Nimefundisha Kiswahili na Kiingereza katika sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, nikaishi na shahidi huyu asubuhi na jioni. Basi na aitwe, tumhoji.

Tuanze na neno "nice", ambalo kila mtoto wa darasa la tatu analijua. Leo ni sifa: chakula kizuri, mtu mwema, siku njema. Lilitoka katika Kilatini "nescius", maana yake asiyejua, likapitia Kifaransa cha kale, na lilipoingia Kiingereza mnamo mwaka 1300 lilimaanisha mjinga. Kutoka ujinga likahamia kwenye uchaguzi wa kupindukia, kutoka hapo likawa umakini wa mambo madogo madogo, na ni katika karne ya 18 tu ndipo lilipotulia kwenye uzuri tunaoufahamu. Kwa sheria ya hakimu wetu, kila mtalii anayetuambia tuna nchi ya namna hiyo ametutukana, na tungepaswa kumrudisha uwanja wa ndege.

Neno "silly" lilisafiri upande wa pili wa barabara hiyohiyo. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "gesælig", maana yake mwenye heri, aliyebarikiwa; binamu yake wa Kijerumani, "selig", bado ana baraka zake mpaka leo. Lakini huko Uingereza mwenye heri akawa asiye na hatia, asiye na hatia akawa wa kuhurumiwa, wa kuhurumiwa akawa dhaifu, na dhaifu akaishia kuwa mpumbavu. Kila hatua ni fupi na inaeleweka. Ni ukizitazama zote kwa pamoja ndipo unaposhangaa jinsi neno moja lilivyoweza kushuka kutoka mbinguni mpaka kijiweni.

"Girl", mtoto wa kike, mnamo mwaka 1300 lilimaanisha mtoto yeyote, wa kike au wa kiume. "Starve", kufa njaa, lilikuwa kufa tu, kwa sababu yoyote ile. "Deer", ambaye leo ni ayala, alikuwa mnyama yeyote, na katika tamthilia ya King Lear Shakespeare bado anamruhusu mhusika wake kuwaita panya kwa jina hilo. "Hound" alikuwa mbwa yeyote. Leo ni wa kuwinda. "Meat" lilikuwa chakula cha aina yoyote. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, sadaka ya unga iliyo katika Mambo ya Walawi sura ya 2 inaitwa kwa neno hilo, na ukisoma sura nzima utakuta unga, mafuta na ubani, wala hutakuta hata kipande cha nyama. Nimewahi kumwona mhubiri akihangaika na aya hizo mbele ya waumini, akiitafuta nyama iliyopotea.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye maneno yenye vyeo, kwa maana hapo ndipo hoja ya asili inapovuliwa nguo.

Kiingereza cha kale kilikuwa na maneno mawili kwa mvulana: "cniht" na "cnafa". Yote mawili yalimaanisha kijana wa kiume, na yote mawili yakaja kumaanisha kijana wa kutumwa. Halafu njia zikaachana. Kijana wa kwanza alitumwa na mfalme, akapewa farasi na upanga, na leo ni "knight", mtu wa heshima anayepigiwa magoti. Kijana wa pili alibaki jikoni na zizini, na jina lake, "knave", likawa jina la laghai. Wajerumani walifanya kinyume: kwao "Knabe" amebaki mvulana asiye na kosa, na "Knecht" amebaki mtumishi. Asili ileile, kazi ileile ya mwanzo, na hatima nne. Hakimu atuambie ni ipi kati ya hizo iliyo halali.

Ndivyo ilivyokuwa kwa wanawake pia. Maneno mawili ya mzizi mmoja, "cwen" na "cwene", yalimhusu mwanamke. La kwanza liliolewa ikulu likawa "queen", malkia. La pili, "quean", liliachwa mtaani likawa tusi la mwanamke malaya. Tofauti ya matamshi ilikuwa ndogo kiasi kwamba baada ya karne kadhaa masikio hayakuitofautisha tena, na yamkini hiyo ni sababu mojawapo ya neno la pili kufifia: nani angethubutu kulitamka karibu na kasri?

Na hao mabwana wenyewe? "Lord", neno wanalomwitia hata Mwenyezi Mungu, lilikuwa "hlafweard", mlinzi wa mkate. "Lady" lilikuwa "hlæfdige", mkandaji wa mkate. Mtumishi wa nyumba naye aliitwa mla mkate. Nyumba nzima ya Kiingereza cha kale, kutoka bwana hadi kijakazi, ilipangwa kuuzunguka mkate: mmoja aulinde, mmoja aukande, mwingine aule. Ninalipenda jambo hili kuliko yote niliyopata kuwafundisha wanafunzi, kwa sababu linafungua dirisha tunaona watu waliokufa miaka 1,000 iliyopita wakiwa mezani. Lakini hakuna mbunge wa Baraza la Malodi anayeulizwa leo kama ameulinda mkate usiku wa jana.

Wala tusidhani mambo haya ni ya wazungu wa kale pekee. Sisi tuliokuwa shule ya msingi miaka ya sabini tuliimba mchakamchaka tukiwalaani mabepari, makabaila na mamwinyi. Bepari, kwa asili yake ya Kihindi, ni mfanyabiashara tu. Kabaila limetokana na neno la Kiarabu la makabila, na kwetu lilikuwa cheo cha mtu wa ukoo mkubwa. Mwinyi ni mwenye, mwenye mji, mwenye mali, na bado ni jina la heshima la watu kwao. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, maneno yale yaliteremshwa cheo mbele ya macho yetu. Hayakuhitaji karne tatu kama "silly". Siasa iliyafanya kazi hiyo kwa muda mfupi wa utoto wangu. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare ya mfanyabiashara wa Venice na kuitoa mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Mtu wa asili atasema: tafsiri sahihi, bepari ni mfanyabiashara. Lakini hakuna msomaji wa mwaka ule aliyelisoma jina hilo bila kusikia unyonyaji ndani yake. Jina lile lina nguvu kwa sababu neno lina umri, na umri huo una matabaka mawili yanayosikika kwa pamoja. Ukilibakiza na tabaka la chini tu, umemnyang'anya mfasiri nusu ya kazi yake.

Nimetaja bepari, basi nitaje na ng'ombe. Kwa Kiingereza "cattle" ni mifugo, "chattel" ni mali inayohamishika, na "capital" ni mtaji. Maneno yote matatu ni watoto wa neno moja la Kilatini, "capitale", lililoingia Uingereza kwa milango tofauti na nyakati tofauti. "Cattle" lilianza likiwa mali kwa jumla, kisha likabaki kwa mali inayotembea kwa miguu minne. Msukuma au Mmasai hahitaji kuelezwa mantiki hiyo. Hata hivyo jaribu kwenda benki na hoja kwamba mtaji na ng'ombe ni neno moja, uone kama meneja atafungua zizi.

Undugu wa maneno una vichekesho vingi vya namna hii. "Shirt" na "skirt" ni ndugu wa tumbo moja. La kwanza ni la Waingereza wenyewe, la pili lililetwa na Waviking kutoka Skandinavia, na yote mawili yana udugu na neno linalomaanisha fupi. Kwa muda nchi moja ikawa na majina mawili ya vazi lilelile. Lugha haipendi ubadhirifu, ikawagawia kazi, mmoja akavaliwa juu na mwingine chini. Sisi tukawachukua wote wawili, na leo katika kila kibanda cha fundi cherehani shati na sketi zinaning'inia msumari mmoja, wala hazijui kwamba ni ndugu.

Hivyo hivyo "guest", mgeni, na "hostile", mwenye uadui, ni maneno ya mzizi mmoja wa kale sana. Mzizi ule ulimhusu mtu wa kutoka nje ambaye unadaiwa ukarimu kwake. Kwa watu wa kaskazini mtu huyo alibaki mgeni. Kwa Warumi, neno lao "hostis" lilitoka ugenini likaishia kwenye uadui, wakati neno lao jingine la ukoo huohuo, "hospes", lilibaki na mkeka na maji ya kunawa. Kutoka hilo la pili tumepata, kupitia Kiingereza, hospitali, hoteli na hosteli. Yule mama wa shairi la binti, aliyesimama mbele ya muuguzi na mtoto mgongoni, alikuwa amesimama ndani ya jengo ambalo jina lake lina undugu na adui na mgeni pia. Hakimu angelijua hilo, sijui angempunguzia alama ngapi zaidi.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu asili za uongo, kwa kuwa mtu anayeabudu asili hachelewi kuabudu na zile zilizotungwa. Vizazi vya wanafunzi wetu wamefundishwa kwamba "news", habari, limeundwa kwa herufi za kwanza za majina ya Kiingereza ya pande nne za dunia. Ni hadithi tamu, na si kweli: ni neno "new", jipya, lililotiwa alama ya wingi, mambo mapya, kwa mfano wa Kifaransa. Wengine husema "history" ni hadithi ya mwanamume, kwa kulikata neno vipande viwili. Ilhali ni neno la Kigiriki la uchunguzi, na wala halina mwanamume ndani yake. Mimbarini nimesikia kwamba "woman" ni ole kwa mwanamume. Neno lile lilikuwa "wifmann". "Wif" ni mwanamke, na "mann" zama zile lilikuwa binadamu, wa jinsia yoyote. Mwanamume mwenyewe alikuwa na neno lake, "wer", ambalo leo limebaki kwa yule mtu wa hadithi anayegeuka mbwa mwitu usiku wa mbalamwezi, "werewolf". Yaani katika mapambano ya maneno mwanamume alinyakua neno la wanadamu wote, akaliacha lake msituni. Mhubiri angepata mahubiri mazuri zaidi hapo.

Tuje kwa wasafishaji, maana wao ndio wanaomtaja Mwingereza kwa sauti kubwa zaidi. Wanasema Kiingereza kimejitosheleza. Kiingereza! Lugha ambayo hata viwakilishi vyake vya nafsi ya tatu wingi, "they", "them" na "their", ilivikopa kwa Waskandinavia. Mtu akikopa chumvi kwa jirani tunaelewa. Huyu alikopa neno la "wao". Yai, "egg", ni la kukopa. Mbingu, "sky", ni la kukopa. Mume, "husband", na sheria, "law", ni vya kukopa. Dirisha, "window", ni "vindauga", jicho la upepo, na limetoka kwa wavamizi haohao waliokuja na majahazi kuchoma nyumba za watawa. Baada ya mwaka 1066 walipotawaliwa na Wanormani, Kifaransa kiliingia mahakamani, jeshini, na mezani: mnyama akiwa hai zizini aliitwa kwa neno la mkulima Mwingereza, akiisha kuchinjwa na kupikwa aliitwa kwa neno la bwana Mfaransa. Ndiyo sababu "cow" huliwa kwa jina la "beef". Kisha ikaja Kilatini na Kigiriki cha wasomi, na baadaye maneno ya dunia nzima, "safari" yetu ikiwamo.

Si kwamba Waingereza hawakuwa na wasafishaji wao. Sir John Cheke, profesa wa Kigiriki wa Cambridge, aliandika barua mwaka 1557 akitaka lugha yao iandikwe bila kuchanganywa na mikopo. Katika barua hiyohiyo alilitumia neno "pure", safi, ambalo ni la Kilatini lililopitia Ufaransa. Alipoitafsiri Injili ya Mathayo alijitahidi kuunda maneno ya nyumbani: akida wa askari mia akamwita "hundreder", ufufuo akauita "gainrising". Maneno mazuri, yenye mantiki, na hakuna aliyeyatumia. Miaka zaidi ya 300 baadaye akaja William Barnes wa Dorset, kasisi, mwalimu wa shule kama mimi, na mshairi wa lahaja ya kwao. Mwaka 1878 alichapisha kitabu cha sarufi, na kwa kuwa neno la sarufi kwa Kiingereza ni la Kigiriki, yeye akaiita "speech-craft", ufundi wa usemi. Ninamheshimu Barnes. Mashairi yake ya lahaja yameishi. Maneno yake ya kusafisha yamekufa, isipokuwa katika vitabu vya wanaosimulia habari zake. Wasafishaji wetu wachague wanataka kurithi lipi kati ya hayo mawili.

Sasa kamusi, ile inayodaiwa kuliweka kila neno mahali pake pa haki. Mwaka 1857 Richard Chenevix Trench alisimama mbele ya jumuiya ya wanafilolojia wa London akazikosoa kamusi za wakati wake. Moja ya hoja zake ilikuwa kwamba mtunzi wa kamusi ni mwanahistoria wa lugha, hakuteuliwa kuwa hakimu wake. Kazi yake ni kukusanya maneno yote, mazuri na mabaya kwa ladha yake. Kutokana na mwito huo ikazaliwa kamusi kuu ya Oxford. Mhariri wake aliyejulikana zaidi, James Murray, alianza kazi mwaka 1879 akiwa bado mwalimu wa shule. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1884, na ya mwisho mwaka 1928, yeye akiwa amekwisha kufariki mwaka 1915. Ukiifungua utakuta kila neno na sentensi zilizoandikwa na watu halisi, zenye miaka yake, kutoka ya kale hadi ya karibuni. Asili imewekwa mwanzoni, katika mistari michache. Kisha zinafuata safu kwa safu za watu wakilitumia neno, wakilipinda, wakilipandisha, wakiliangusha. Huyo ndiye shahidi mliyemwita. Ameapa, ametoa ushahidi, na ushahidi wake wote ni dhidi yenu.

Bila shaka Uingereza nao wana mahakimu wa aina yenu. Wapo wanaokasirika mtu akitumia "decimate" kwa maangamizi makubwa, kwa kuwa Warumi waliliunda kwa adhabu ya kuua askari mmoja katika kila kumi. Wamekasirika kwa vizazi kadhaa sasa. Neno linaendelea na shughuli zake. Tena kosa lao limejificha ndani ya jina la taaluma yenyewe. Etimolojia linatokana na neno la Kigiriki, "etymos", kweli. Wagiriki waliamini kwamba ukilifuata neno mpaka chanzo chake utaikuta maana yake ya kweli. Taaluma imekwishaiacha imani hiyo, jina limebaki. Nalo ni mfano mwingine wa neno lililohama likaacha asili yake nyuma.

Najua nitakaloulizwa, kwa sababu niliulizwa katika kila darasa: je, basi kila mtu atumie neno apendavyo, na mwanafunzi akikosea aseme ni historia? La. Maana ni mali ya jumuiya, na mtu mmoja hawezi kuiuza peke yake. "Nice" halikuhamishwa na mwanafunzi mmoja mvivu. Lilihamishwa na vinywa vingi kwa zaidi ya miaka 400, na kila kizazi kilielewana na wazee wake. Anayeandika neno kwa maana ambayo hakuna anayeielewa amekosea, na kosa lake ni kwa wasomaji wake walio hai. Hivyo ndivyo nilivyosahihisha madaftari, na ningeyasahihisha hivyo tena. "Tafadhali" limefaulu mtihani huo kwa mamilioni ya Waswahili, kutoka Lamu hadi Lubumbashi, kila siku ya Mungu.

Pia sijasema asili haina faida. Asiyejua kwamba "silly" lilikuwa la baraka na udhaifu usio na hatia atawakuta kondoo wa washairi wa Kiingereza wa karne ya 16 wakiitwa hivyo, naye atawatafsiri kuwa kondoo wapumbavu, amwaibishe mshairi na kondoo. Anayesoma maandiko ya zamani hana budi kujua neno lilimaanisha nini siku lilipoandikwa. Tazameni nyuma ya diwani zetu za zamani: orodha ya maneno magumu na maelezo yake huitwa "Sherehe". Kwa Kiarabu "sharh" ni ufafanuzi, na watunzi wetu walilitumia hivyo. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini mwishoni mwa kitabu cha huzuni kuna sherehe. Swali zuri! Jibu lake ni historia. Lakini sikumwambia kwamba harusi ya dada yake haikuwa sherehe kwa sababu hakuna aliyefafanuliwa jambo.

Na shikamoo? Waitaliano huagana kwa "ciao", na neno hilo limetoka katika lahaja ya Venice, kutoka kwa neno la mtumwa: mimi ni mtumwa wako. Leo vijana hurushiana neno hilo wakiwa kwenye pikipiki, na hakuna aliyefungwa minyororo. "Goodbye" ya Kiingereza ni dua iliyofupishwa, Mungu awe nanyi, na asiyeamini Mungu huitamka bila kusilimu wala kubatizwa. Mjukuu wangu anaponiamkia shikamoo, hanishiki miguu. Ananiambia ameniona, anajua nimemtangulia, na ananingoja nimjibu marahaba. Anayetaka kuondoa maamkizi hayo na alete hoja juu ya utii wa watoto na vyeo vya wakubwa. Hiyo ni hoja ya leo na tutaijadili kwa heshima. Asituletee miguu ya marehemu.

Wasafishaji nao wakumbuke kwamba neno "asili" ni la Kiarabu, na "maana" ni la Kiarabu. Wakiyaondoa, ugomvi wenyewe hautakuwa na maneno ya kuugombania. Na jina la lugha yetu limetoka kwa "sawahil", pwani nyingi. Hukumu ya asili ikitekelezwa, Kiswahili ni cha aliye karibu na bahari tu. Binti wa bara hana shairi, mimi sina kazi niliyoifanya, na nusu ya wanaosoma ukurasa huu waondoke.

Tunachokikosa ni kamusi kama ile ya Trench na Murray: kamusi ya kihistoria ya Kiswahili, itakayoonyesha kila neno na sentensi zenye miaka, kuanzia Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, kupitia kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, magazeti ya wakati wa Wajerumani na Waingereza, hotuba za Uhuru, hadi nyimbo za leo. Wastaafu tuna muda. Nimefungua daftari na neno nililoanza nalo ni "diwani". Kwa Waajemi lilikuwa daftari la serikali na ofisi yake, na pia mkusanyo wa mashairi. Kwa Waingereza, baada ya kupita Uturuki, "divan" limekuwa kochi la kulalia. Kwetu ni kitabu cha mashairi, lilikuwa cheo cha wakubwa wa miji ya Mrima, na sasa ni mjumbe wa halmashauri anayekuja kuomba kura. Naomba mwenye andiko la kale lenye neno hilo, kwa maana yoyote kati ya hizo, aniandikie sentensi nzima, jina la kitabu au gazeti, mwaka na ukurasa.